Mkataba Tulioukataa kwa Adabu

Usiku ule wa Ijumaa hatukulala, mimi na binti yangu Ghati. Tulikuwa tunangoja orodha. Kampuni ya mieleka aliyokuwa akichezea ilikuwa na kawaida ya kutuma majina ya wanamieleka usiku wa kuamkia onyesho, kwenye kundi lao la simu, na onyesho la Jumamosi lilikuwa Sirari, mpakani. Nyumba tuliyopanga Turwa haishiki mtandao vizuri isipokuwa kwenye dirisha la jikoni. Simu ilikuwa pale, juu ya kopo la mafuta ya kupikia, na sisi tumekaa chini yake kama watu wanaolinda maziwa yasifurike.

"Saa hizi huwa wameshatuma," Ghati alisema.

"Labda mtandao."

"Mama, mtandao upo. Watu wanatumiana vichekesho."

Ilikuwa wiki ya saba tangu tulipokataa mkataba wao. Katika maonyesho mawili yaliyopita jina lake halikutoka. Likikosekana na la tatu, alisema, basi ameachwa.

Saa saba kasoro simu ikatetemeka. Ghati aliruka, akaishika, kidole kikawa kinashuka kwenye majina. Halafu akaziba mdomo.

"Nipo! Mama, nipo! Nyundo ya Nyangoto, pambano la nne!"

Nilipiga magoti palepale kwenye sakafu. Sikumaliza hata kusema asante Mungu, picha ya tangazo ikaanza kufunguka nyuma ya majina, polepole, kutoka juu kwenda chini. Kwanza taa. Kisha nyundo kubwa ya mbao iliyopakwa rangi ya fedha, ambayo fundi seremala wa hapa Turwa alimtengenezea. Kisha jezi nyekundu, ile niliyoshona mabega yake kwa mkono wangu. Mwisho uso. Haukuwa uso wa mwanangu. Ulikuwa wa Sharon, msichana wa ng'ambo ya mpaka aliyekuwa akimbebea Ghati begi.

Ghati aliilaza simu kifudifudi.

"Huyo si Sharon?" nilimuuliza, ingawa nilikuwa nimeona.

"Huyo ndiye Nyundo," alisema, akaenda kulala na viatu.

Ghati ni mtoto wangu wa tatu. Nilimzaa Itiryo, nyumbani kwa baba yake, wakati wa kuvuna ulezi. Alikuwa mtoto mzito kubeba na mzito kukasirika. Akiwa darasa la tano, bwana mifugo alipokuja kuchanja, ndama dume lilimshinda kaka yake, likawashinda na vijana wa jirani. Ghati alilishika shingo, akalilaza chini bila kelele, akakaa juu yake mpaka sindano ikaisha. Wanaume walicheka. Baba yake hakucheka. Aliniambia jikoni, "Huyu mtoto atatusumbua kumpatia mume."

Baba yake alifariki Ghati akiwa kidato cha pili, na shule ikaishia hapo. Tulihamia Nyangoto. Pale wachimbaji wadogo wanatoa mawe ya dhahabu mashimoni, na wanawake tunayaponda kwa nyundo yawe madogo kabla ya kwenda kusagwa. Tuliponda miaka minne. Jioni vumbi likikauka usoni unashindwa kujua mtu ana umri gani. Nilikuwa namtazama Ghati akiponda na ninapata hofu, maana hakuwa analalamika. Mtoto asiyelalamika huwezi kujua kinachommaliza.

Halafu mieleka ikaja uwanja wa mpira. Ilikuwa kampuni ya mama mmoja aitwaye Dorka, Mjaluo mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka. Walifunga ulingo wa kamba, wakapiga muziki, na mtangazaji akauliza kama kuna mwanamke yeyote wa Nyangoto anayeweza kusimama na bingwa wao kwa dakika moja. Ghati alipanda na vumbi lake. Alimnyanyua bingwa mpaka juu ya kichwa, akazunguka naye, akamteremsha taratibu kama mtu anayetua gunia ambalo hataki lipasuke.

Uwanja ulipiga kelele kwa sababu ya kumnyanyua. Dorka, nilimwona, alisimama kwa sababu ya kumteremsha. Mieleka ya namna hii mshindi anajulikana kabla. Kazi ni kumtupa mwenzako asivunjike, na watu waamini kwamba amevunjika. Nilipolijua hilo niliudhika.

"Kwa hiyo ni uongo?"

"Ni kama ngoma, mama," Ghati aliniambia. "Wachezaji wanajua hatua, lakini jasho ni lao."

Alicheza mwaka mmoja na nusu bila karatasi, akilipwa kila baada ya onyesho. Walimpa jina la Nyundo ya Nyangoto. Tukaacha mawe, tukapanga Turwa. Nikienda sokoni watoto wananionyesha, "Mama Nyundo huyo!" na muuza dagaa ananiongezea kiganja. Ghati alianza kucheka ndani ya nyumba. Nilikuwa nimesahau kwamba ana mwanya.

Ndipo Jumapili moja akaja Okeyo, mtu wa Dorka, na mkataba.

Tulijua anakuja, kwa hiyo nilimwita shemeji yangu Mogesi kutoka Itiryo. Habari ya binti haisikilizwi na mama peke yake. Nilipanga viti bila kufikiri: cha mgeni karibu na mlango, vyetu upande wa ndani. Sasa hivi ndiyo ninaona kwamba nilivipanga kama vya wachumba.

"Shikamoo mzee," Okeyo alisema.

"Marahaba, mura, kijana wangu. Umekuja na nani?"

"Niko pekee yangu tu, mzee."

Mogesi alinitazama. Mtu anayekuja kuchukua binti wa watu haji peke yake.

Ghati alisoma karatasi kwa sauti. Miaka miwili. Mshahara wa kila mwezi. Asicheze na kampuni nyingine. Jina na nguo za ulingoni ni mali ya kampuni. Akiumia, kampuni itampeleka hospitali siku ya kwanza, yanayofuata ni ya familia. Hilo la mwisho liliniogopesha, nikataka kuuliza, lakini Mogesi alikuwa ameshaanza.

"Hicho ndicho ulichokuja nacho?"

"Ndicho hicho, mzee."

"Chote?"

"Chote."

"Basi rudi nacho. Waambie waliokutuma kwamba binti bado tunaye."

Asiyekuwa Mkurya atasema tulimfukuza. Hatukumfukuza. Katika ukoo wetu mposaji akija mara ya kwanza na hesabu yake ya ng'ombe, hakubaliwi, hata kama hesabu inatosha. Ukikubali siku hiyohiyo watu watauliza binti ana kasoro gani, na huko anakoolewa atachekwa mpaka azeeke: wewe ulichukuliwa kama kuku wa mnadani. Mimi, walioniposa walikataliwa mara tatu. Baba mkwe alienda na kurudi, na mpaka anakufa alikuwa akiisimulia safari ile kwa majivuno, kwamba mke wa mwanawe alimchosha miguu. Kukataa ndiyo namna ya kumwambia mtu kwamba alichokitamani ni kizuri, ajikaze. Naye anajua. Anaenda kwao, anakaa, anarudi ameongeza.

Tulitaka wabembeleze. Hilo ndilo neno la kweli, na sitatafuta jingine.

Okeyo alimgeukia Ghati. "Na wewe mwenyewe unasemaje?"

Ghati alikuwa ameinamisha macho, kama ilivyompasa msichana siku kama hiyo. "Wazee wameshasema."

"Hakuna shida," Okeyo alisema. Alikunja karatasi mara mbili, akamaliza soda yake, akatupa mkono wa kwaheri. Nilimsindikiza kwa macho mpaka barabarani. Kabla hajafika kwenye bodaboda alikuwa ameshaweka simu sikioni.

"Anawaeleza," nilisema.

"Wiki mbili atakuwa hapa," Mogesi alisema. "Safari hii ataleta na wenzake. Tafuta jogoo."

Nilimtafuta jogoo. Nilimfunga mguu nyuma ya nyumba, nikawa namlisha.

Onyesho lililofuata Dorka alimkumbatia Ghati mbele ya watu wote, akamwita Ghati wangu. Nilikuwepo, nimekaa mstari wa pili, na moyo ukatulia. Halafu katika mpango wa siku hiyo Ghati akapangiwa kushindwa, na msichana mgeni, kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Sawa, nilisema, ni zamu. Onyesho la pili akashindwa tena, na mtangazaji akapiga kelele, "Nyundo imelegea mpini!" Watu wakacheka. La tatu walimfunga kamba mikono na miguu, wakamtoa ulingoni kwenye toroli ya kubebea mchanga. Watoto walelewale wa sokoni wakaanza kunipita wakisukuma toroli ya hewani.

"Wananishusha," Ghati aliniambia.

"Si umwambie Dorka?"

"Nimwambie nini? Atasema ndiyo kazi. Na kweli ndiyo kazi."

Ndipo akanieleza. Mtu anayeshindwa kila siku watazamaji hawamwamini tena, hata akiwa na nguvu za ng'ombe. Kampuni ikishakumaliza namna hiyo, siku ukitoka hakuna mwingine wa kukutaka. Hawakufokei, hawakufukuzi. Mimi nilikuwa nangoja wakasirike, kwa sababu mposaji aliyekasirika bado anakutaka, atarudi angalau kugombana. Hawa hawakukasirika. Walimwomba aache jezi na nyundo ofisini, eti nyundo ipakwe rangi upya, na wakamshukuru.

Asubuhi baada ya usiku ule wa orodha, Ghati alikuta ameondolewa kwenye kundi. Nikampigia Mogesi.

"Bado wanajadiliana," alisema.

"Shemeji, wamempa mwingine jina!"

"Hizo ni hila za wakwe. Wanaulizia binti wa nyumba ya jirani ili ninyi muogope. Mkiogopa mmekwisha. Jogoo yupo?"

"Yupo."

"Mwacheni anenepe."

Nilikata simu nikamwangalia Ghati. Alikuwa anafua soksi za mieleka, zile ndefu, ambazo hakuwa na pa kuzivaa. Nikajua kwamba Mogesi haelewi, na kwamba sisi tulimwachia asiyeelewa aseme, na mimi niliyeogopa ile habari ya hospitali nilinyamaza kwa adabu. Binti yangu naye alinyamaza kwa adabu. Nyumba nzima adabu tupu.

Tulisikia kuna mtu Mugumu, huko Serengeti, anayeitwa Hezekia, anayefanya mieleka siku za mnada wa ng'ombe. Tulienda. Alitupokea vizuri, akaagiza chai na chapati. Alimwambia Ghati amnyanyue kijana mmoja hapo uani, Ghati akamnyanyua na kumteremsha, na Hezekia akapiga makofi peke yake.

"Wewe si ndiye Nyundo?"

"Nilikuwa."

Alitoka nje na simu. Nilimwona kupitia pazia, anatikisa kichwa, anasema ndiyo, ndiyo, nimekuelewa Madam. Aliporudi hakukaa.

"Dada yangu, nikuambie ukweli. Ule ulingo ninaotumia naazima kwa Dorka. Nikikuchukua wewe, tutacheza wapi? Kwenye mavi ya ng'ombe?"

Alicheka kidogo, lakini sisi hatukucheka, naye akaacha.

"Mimi sina neno na wewe," alisema. "Ila kila mtu huku anaazima kitu kwake. Mwingine kamba, mwingine spika. Nenda kamwombe msamaha. Mama mkubwa, mpeleke binti akaombe msamaha."

"Amemkosea nini?"

"Sijui. Mimi nimeambiwa tu kwamba ana kiburi."

Ghati, ambaye tangu azaliwe sijamsikia akipandisha sauti kwa mtu mzima, alitazama chapati yake mpaka ikapoa. Njiani kurudi aliongea mara moja tu. Alisema, "Mama, mimi ningesaini. Karatasi ileile, kama ilivyokuwa, na hospitali yao ya siku moja. Ningesaini siku ile."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje wakati wazee wamekaa?"

Upande wa binti haumfuati mposaji. Hilo sijawahi kuona, wala mama yangu hakuwahi kuona. Mogesi nilipomwambia tunakwenda Sirari kwa Dorka, alisema, "Nendeni. Ila msitaje jina langu. Na huyo binti mkimrudisha nyumbani mikono mitupu, yule mzee wa Nyamwaga mwenye wake wawili bado anauliza." Nilimchukua yule jogoo, nikamtia kwenye kikapu.

Kampuni inafanya mazoezi kwenye godauni la kupanga, nyuma ya soko la Sirari. Lina mlango mmoja wa chuma wa rangi ya bluu, mpana wa kupita gari. Tulifika saa tisa mchana, siku ya Jumatatu. Ghati alibisha kwa kiganja. Alitoka Okeyo, akauvuta mlango nyuma yake.

"Aki mama. Mmekuja mpaka huku?"

"Tumekuja kupokea ile karatasi," nilisema. "Kama ilivyokuwa. Hatutaki kuongezewa kitu."

Alitazama kikapu, jogoo akiwa ametoa kichwa. Akajikuna shingo.

"Mama, mimi ni wa kutumwa. Siku ile nilirudi na karatasi yangu, Madam akaniuliza, wamesema nini? Nikamwambia, wamesema binti bado wanaye. Akasema, basi wakae naye."

"Hayo hayakuwa maneno ya kukataa. Kwetu..."

"Najua kwenu. Bibi yangu ni Mkurya. Nilimwelezea Madam hivyo hivyo, nikamwambia hawa wanataka turudi. Unajua alinijibu nini? Alisema, wasichana wako kumi na mmoja hapa, wote walisaini siku ya kwanza. Nikirudi kwa huyu mmoja, kesho hao kumi na mmoja wote watakuwa na wajomba."

Ghati alisema, "Okeyo, niambie ukweli. Hata kama si Nyundo. Hata nikiitwa jina lolote, hata niwe wa kushindwa kila siku. Toroli nitapanda."

Sikuweza kumtazama. Okeyo naye alitazama pembeni, kwenye vibanda vya mitumba.

"Wewe ndiye ulikuwa mzuri kuliko wote," alimwambia taratibu. "Hata yeye anasema. Ngojeni hapa. Acha nimuulize tena."

Alimchukua jogoo. Sijui kama alimchukua kwa kukubali au kwa kuona aibu kumwacha. Aliingia, na mlango ukafungwa.

Tulikaa kwenye matofali yaliyokuwa pale ukutani. Ndani walikuwa wanafanya mazoezi, tunasikia mtu anatupwa kwenye mbao, kishindo, kimya kidogo, kishindo. Ghati alianza kuniambia bila kuulizwa. "Huyo kaangukia mgongo, vizuri." Kishindo. "Huyo kaogopa, kaweka mkono. Ataumia." Kishindo kingine, kizito zaidi. "Huyo ni Sharon. Anachelewa kuvuta kidevu." Alikuwa anaongea kama mtu anayewatambua ng'ombe wake kwa mlio wa kengele, na mikono yake ilikuwa inafunga na kufungua juu ya magoti.

Soko lilianza kufunga. Mama mmoja muuza nyanya alitupa pole bila kujua ni pole ya nini. Jua likashuka nyuma ya godauni, na chini ya mlango kukatokea mstari wa mwanga wa taa. Vishindo vikapungua, vikaacha. Tulisikia wasichana wanacheka, maji yanamwagwa, Dorka anasema jambo kwa Kijaluo na wote wanacheka tena. Tulisikia sauti ya Okeyo pia, mara moja, fupi. Ghati akasimama, akajifuta vumbi la matofali, akavuta blauzi yake ikae sawa, akajiweka mbele ya mlango mahali ambapo mtu akifungua atamwona kwanza.

Sauti zikasogea mbali, upande wa nyuma ambako hatukujua kama kuna njia. Gari likawashwa huko, likaondoka na wale wote.

"Okeyo bado yuko ndani," Ghati alisema. "Alisema tungoje."

Mstari wa mwanga chini ya mlango ukazimika. Halafu tukasikia nyayo za mtu mmoja zikija upande wetu, mpaka karibu kabisa, mpaka nikamsikia akipumua. Ghati akainua uso. Yule mtu alisimama pale kidogo, kisha akafunga komeo la juu, kisha la chini.